Habari za Pate: Kalamu nyingi, kinywa kimoja

KUNA kitenzi kimoja ambacho hunifanya nishike kalamu nyekundu kila ninaposoma tasnifu za wanafunzi, nacho ni "inasemekana". Kwa nje kinaonekana cha adabu, hata cha kitaaluma. Hebu tukichambue. Tukisema "inasemwa", mtendaji ana nafasi yake: inasemwa na wazee, inasemwa na Wapate. Kauli ya kutendwa humsogeza mtendaji nyuma, ila haimfukuzi. "Inasemekana" ni kauli ya kutendeka, na kauli hii haimpi mtendaji hata kigoda. Husikii Mswahili akisema "inasemekana na Juma", kama usivyosikia "mlango umefunguka na Juma". Mlango umefunguka, basi. Habari imesemekana, basi. Anayeliandika neno hili ametumia sarufi kumficha shahidi wake.

Nafuu "eti". Wapo walimu wanaoliona kuwa neno la mitaani lisilofaa katika insha, ilhali linafanya kazi ya maana sana. Jirani akikuambia "eti bei ya unga itashuka Jumatatu", amekuletea habari na papo hapo amekuonya kwamba yeye hakuishuhudia wala haiwekei dhamana. "Inasemekana" hukuletea habari ileile ikiwa imevishwa joho na kofia ya mahafali.

Siku hizi suala la nani aaminiwe hujadiliwa kana kwamba lilizaliwa pamoja na simu za mkononi. Katika taaluma ya Kiswahili suala hili ni kongwe, na wahenga wa fani nyingine walilishughulikia kwa makini kuliko sisi. Neno lenyewe "habari" tulilipokea kutoka Kiarabu, na katika elimu ya Hadithi za Mtume habari haipimwi kabla ya kuulizwa ilibebwa na nani, naye aliipata kwa nani. Mnyororo huo wa wapokezi huitwa isnadi. "Riwaya" nayo, kabla hatujaipa kazi ya kutaja vitabu vya kina Shaaban Robert na Euphrase Kezilahabi, ilikuwa na maana ya habari kama ilivyopokelewa kwa msimulizi fulani, yaani rawi. Msomaji wa tenzi za kale hukutana na rawi huyu mara kwa mara. Mtunzi anataka ujue kwamba hakuyaota.

Mfano nitakaoutumia leo ni matini ambayo watafiti wa historia na fasihi ya Waswahili wameitegemea kwa zaidi ya karne moja: Habari za Pate. Kwa ambaye hajakutana nayo, haya ni masimulizi ya kinathari kuhusu masultani wa Kinabahani walioutawala mji wa Pate, katika kisiwa cha jina hilohilo kwenye funguvisiwa la Lamu. Yanaanza na kufika kwa Suleiman bin Suleiman kutoka Oman karibu na mwaka 600 Hijria, yaani takriban 1203 Miladia, kisha yanafuata sultani baada ya sultani hadi karne ya 19. Mna vita humo, mna ndoa, mna fitina za majumbani. Ni nathari tamu, na mimi huifundisha kwa furaha. Tena si matini ya wanahistoria peke yao. Pate ndipo ulipoandikwa Utenzi wa Tambuka mwaka 1728, na mtafiti wa ushairi wa kale huikimbilia orodha hiyo ya masultani ili ajue mshairi fulani aliishi zama za nani. Orodha ikiyumba, na tarehe za fasihi yetu huyumba.

Sasa tazama inavyotumiwa. Mwanafunzi anataka kuthibitisha kwamba Wanabahani waliitawala Pate tangu mwanzo wa karne ya 13. Anamtaja Stigand, aliyeichapisha habari hiyo kwa Kiingereza katika kitabu chake The Land of Zinj mwaka 1913. Anamwongeza Alice Werner, aliyeitoa katika jarida mwaka 1914 na 1915. Anamtia Mjerumani Heepe wa mwaka 1928. Mwisho anamleta Marina Tolmacheva, ambaye mwaka 1993 alihariri miswada minne iliyohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mabano yamejaa majina na miaka, mtahini anatikisa kichwa kwa kuridhika. Vyanzo vinne vimekubaliana! Nani atabisha?

Mimi nabisha. Fuata nyayo za kila mmoja uone zinakoishia. Stigand alisimuliwa na mzee wa Lamu aliyejulikana kama Bwana Kitini, jina lake hasa Muhammad bin Fumo Omar an-Nabahani. Nakala nyingine nazo, ukizisoma mwanzo wake au mwisho wake, karibu zote zakurudisha kwa mzee huyohuyo, naye alipokea kwa babu yake, Muhammad bin Bwana Mkuu an-Nabahani, maarufu kwa jina la Bwana Simba. Kwa hiyo kalamu ni nyingi na kinywa ni kimoja. Ukimuuliza mtu mmoja swali moja mara nne, naye akakujibu mara nne, huna mashahidi wanne. Na Bwana Kitini hata hakujibu sawasawa kila mara, maana nakala hizo zinahitilafiana katika orodha ya masultani na katika miaka yao. Hilo si ajabu kwa msimulizi wa mdomo anayesimulia leo kwa mgeni mwenye bunduki na kesho kwa karani mwenye kalamu.

Angalia pia jina la ukoo. Mpokezi ni Mnabahani, babu yake ni Mnabahani, na habari ni ya utukufu wa Wanabahani. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Simwiti mzee wa watu mwongo, hasha. Nasema alikuwa na nyumba ya kuilinda. Masimulizi yanatuambia kwamba katika karne ya 14 Sultani Omar wa Pate aliiteka pwani nzima hadi Kilwa na visiwa vya Kerimba, isipokuwa Unguja, ambayo hakuitawala kwa kuwa wakati huo haikuwa nchi ya maana. Soma tena hapo. Wakati Bwana Kitini anasimulia, ukoo wake ulikuwa umekwisha kupoteza Pate na kukimbilia Witu, umesukumwa huko na masultani wa Kibusaidi. Waliketi wapi Wabusaidi hao? Unguja! Kwangu mimi, kijembe hicho kinanuka karne ya 19. Kama ushahidi wa karne ya 14 hakifai. Kama ushahidi wa uchungu wa Mnabahani aliyenyang'anywa mji, ni johari. Matini moja yaweza kuwa shahidi dhaifu wa jambo inalolisimulia na shahidi imara wa mtu anayelisimulia, na mhakiki anayeitupa kwa sababu ya lile la kwanza amejinyima la pili.

Isitoshe, husimuliwa kwamba kitabu cha asili kiliungua Witu, Waingereza walipouteketeza mji huo Oktoba 1890. Kuungua kwa Witu kuna mashahidi wengi, wakiwemo hao waliowasha moto. Kuwepo kwa kitabu kunategemea simulizi. Ni mambo mawili tofauti, lakini sentensi moja huyafunga pamoja, na la pili likapanda mgongoni mwa la kwanza. Ujanja huu, kwa kukusudia au bila kukusudia, ndio unaotumiwa hata leo na wanaotunga habari za uongo: huanza na tukio la kweli ambalo kila mtu anaweza kulithibitisha, kisha hubandika lao.

Nisije nikaonekana ninaikejeli Pate peke yake, twende kusini tukaone habari yenye afya inafananaje. Kilwa ina historia yake iliyoandikwa kwa Kiarabu, ambayo nakala yake iliyoko London ilinakiliwa mwaka 1877. Ina pia muhtasari wa Kireno wa João de Barros, uliochapishwa mwaka 1552, baada ya Wareno kuuvamia mji huo mwaka 1505. Hizi mbili huenda ni ndugu wa baba mmoja, kwa hiyo nazo tusizihesabu haraka kuwa mashahidi wawili. Lakini mchukue sultani mmoja tu, Hasan bin Suleiman. Historia ya Kilwa inamtaja. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikutana na sultani aitwaye Hasan na kumsifu kwa ukarimu. Kisha zipo sarafu, zimefukuliwa ardhini, zenye jina la Hasan bin Suleiman. Moja ilipatikana mbali kabisa, kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Mfua sarafu hakuisoma safari ya Ibn Battuta, na Ibn Battuta hakuketi na mwandishi wa historia ya Kilwa kupanga maneno. Hawa ni watatu ambao hawakupata nafasi ya kunong'onezana.

Hata hapo sitaki tumpe Ibn Battuta cheo cha malaika. Alisimulia safari yake baada ya miaka zaidi ya 20, kwa kumbukumbu, akiandikiwa na Ibn Juzayy. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa hakuitaja Pate, basi Pate haikuwepo. Hii ni hoja hafifu. Msafiri huyo alipanda chombo kutoka Mogadishu akashukia Mombasa, na abiria wa basi la usiku kutoka Nairobi hadi Mombasa hatuambii lolote kuhusu Kitui. Kimya cha Kilwa kina uzito zaidi: historia yao, ambayo haikuwa na haya ya kusimulia hata mapinduzi na fedheha za masultani wake, haina habari ya kutawaliwa na Pate.

Basi tuwaamini wanaakiolojia? Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1969 Neville Chittick, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi ya Waingereza ya utafiti hapa Afrika Mashariki, alichapisha makala katika Journal of African History akiichambua upya historia ya Pate. Alitazama magofu na vigae vya vyungu, akahoji kwamba mji huo haukuwa na ukongwe wala umaarufu ambao masimulizi yanaupa katika karne zile za mwanzo. Makala hayo yalikuwa na nguvu, na wasomi wengi wakayafuata. Taratibu nayo yakageuka "inasemekana": Pate si mji wa kale, imethibitishwa. Kisha Thomas Wilson na Athman Lali Omar wakachimba Pate, na matokeo yao yakatoka katika jarida la Azania mwaka 1997. Walikuta makazi ya watu ya tangu kabla ya mwaka 1000.

Mnaona mambo? Waliomwamini Bwana Kitini kwa sababu nakala zake ni nyingi, na waliomkataa kwa sababu bingwa mmoja alimkataa, wameingia shimo moja kwa njia mbili. Shaka nayo ni dai. Nayo ina mpokezi, ina tarehe, na inaweza kupitwa na wakati. Mwanafunzi anayenukuu makala ya 1969 leo bila kuangalia ya 1997 hana ujanja kumzidi yule anayenukuu masimulizi kama msahafu. Na tusipige vigelegele upande wa pili pia, kwa kuwa ukongwe wa mji haumthibitishi Suleiman bin Suleiman. Unathibitisha kwamba miaka 200 na ushei kabla ya huyo Suleiman anayesimuliwa, palikuwa na watu pale wakiishi, wakipika, wakivunja vyungu vyao.

La kustaajabisha ni kwamba masimulizi yenyewe yalikwisha kutuambia hivyo. Suleiman hakufika kwenye kisiwa kitupu. Alimwoa binti wa mfalme wa Pate, wa ukoo wa Batawi, na ufalme ukamjia kwa njia ya ndoa hiyo. Mfalme alikuwepo. Mji ulikuwepo, na kwa yakini na lugha ya kumposea binti huyo ilikuwepo! Lakini msomaji aliyekuja kutafuta asili ya Waswahili Oman huruka sentensi hiyo kama mtu arukavyo dimbwi, akatua kwenye jina la Nabahani. Hapo kosa si la Bwana Kitini. Ni letu sisi tunaochota kwenye matini tunachokitaka na kukiacha kilichosemwa waziwazi.

Mimi ni mtu wa lugha, kwa hiyo shahidi ninayempenda kuliko wote ni yule asiyejua kwamba anatoa ushahidi. Mpate akisema "mato" pale sisi tunaposema "macho", "kitwa" pale tunaposema "kichwa", "nti" kwa "nchi" na "ndia" kwa "njia", hana habari kwamba anajibu swali la mwanahistoria. Hajipendekezi kwa mtu. Mabadiliko ya sauti ya namna hiyo hutokea kwa utaratibu, na wataalamu kama Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliyapanga mabadiliko hayo katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu kundi la lugha za Kisabaki, ambamo Kiswahili kimeketi pamoja na Kipokomo, lugha za Wamijikenda na lugha za Ngazija na visiwa jirani. Mtu anaweza kubuni nasaba ya babu yake. Hawezi kubuni "mato" na "kitwa" na "nti" na mamia ya maneno mengine yakalingana yote. Ila shahidi huyu naye ana mipaka, maana hutaja ukoo wa lugha, na lugha huweza kurithiwa na mtu ambaye babu yake alishuka chomboni jana.

Ndiyo maana sikushtuka mwaka 2023 jarida la Nature lilipochapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa. Ulionyesha damu iliyochanganyika tangu karibu na mwaka 1000: upande wa Afrika ukitoka zaidi kwa kina mama, upande wa Asia ukitoka zaidi kwa wanaume, hasa wa Uajemi. Nilichoshtuka nacho ni namna kila kambi ilivyonyakua kipande chake. Waliotaka Uajemi walipata Uajemi, waliotaka Afrika walipata Afrika, na wengi hawakuuliza waliopimwa walikuwa nani. Kwa sehemu kubwa walizikwa katika makaburi ya miji ya mawe, karibu na misikiti, mahali pa watu wenye hadhi. Mvuvi na mkulima wa kijijini hawakuwa na kaburi la namna hiyo. Utafiti ni mzuri, tena umejieleza vizuri. Vichwa vya habari ndivyo vilivyokuwa vifupi.

Msomaji ataniuliza, "Profesa, yote haya kwa ajili ya sultani mmoja wa zamani?" Sikiliza. Chini ya utawala wa Waingereza, kuhesabiwa Mwarabu au kuhesabiwa mwenyeji kulibadilisha kodi na haki za mtu, na familia za pwani zilikuwa na sababu za kutosha za kutaja babu wa ng'ambo kabla ya bibi wa hapa. Miaka ya kuelekea 1963, hatima ya ukanda wa maili 10 ilipojadiliwa, swali la nani ni wa hapa na nani ni wa kuja lilikuwa swali la ardhi na bendera. Masimulizi kama ya Pate hayakukaa maktabani yakingoja wahakiki, yalitumiwa. Na hadi leo yupo kijana wa Lamu anayeambiwa na mwalimu wake, kwa kitabu kisichotaja chanzo, kwamba watu wake walikuja na jahazi. Hakuna anayemsomea ile sentensi ya binti wa Batawi.

Katika jambo moja naona tuna deni kwa Bwana Kitini. Yeye alitaja jina lake, akamtaja babu yake, akaacha mnyororo wazi ili tuushike na kuuvuta. Ndiyo sababu tumeweza kumpinga. Waandishi wengi wa vitabu vya mwongozo vinavyouzwa madukani hawajatufanyia hisani hiyo. Wanaandika "wataalamu wanakubaliana" na kuendelea na safari. Wataalamu gani? Walikutana wapi?

Katika nakala zote hizi Wabatawi wanazungumziwa na Mnabahani. Wenyewe hawasemi. Kwa mwanafunzi wa uzamili anayehangaika na mada, mimi ningemwelekeza Pate, Siu na Faza, akiwa na daftari na kinasa sauti, akawatafute wazee waliosikia mambo kwa upande wa mke. Na kila atakayemsimulia, aandike jina lake, na jina la aliyemsimulia yeye, na mwaka, kabla hajaandika neno la kwanza la hadithi.